Jina Yenye Niliandika na Kidole

Mimi mwenye niko nasema hapa niliachaka masomo mu mwaka ya pili ya primeri, juu mama yangu alizaa mapasa na mugongo yake ilikuwa moja tu. Mutoto mumoja akafungwa ku mugongo ya mama, wa pili akafungwa ku mugongo yangu, na njo vile masomo ikaisha. Kwa hiyo kama munaona maneno yangu inakimbia huku na kule sawa mbuzi yenye imesikia mvua, muniachilie. Mujukuu wangu musichana njo anaandika. Mimi niko napepeta maharagi na kusema. Nilimukataza kunyoosha maneno yangu. Nilimuambia: "Andika vile inatoka, hata kama inatoka vibaya." Anacheka, lakini anaandika.

Huyu mujukuu njo alinianzishia hii mambo yote. Alisomaka informatike kule Goma. Siku alimaliza, akapanda huku Kashuga kutusalimia, na mimi nilizani ataniletea kitenge. Akaleta tableti! Kitu nyeusi, nyembamba, sawa kioo ya kujiangalia yenye imekufa. Nikasema asante mama, Mungu akubariki. Mu roho nikasema: hii nitaivaa kanisani namna gani?

Akaniambia: "Koko, nitakutengenezea paje yako."

"Paje ya nini?"

"Paje yako wewe mwenyewe. Asubuhi unaifungua, unaona paka vitu yenye unapenda kujuwa. Mvua, barabara, jurnali, komunike. Kila kitu mu kisanduku yake."

Mujuwe kwanza vile mimi niko. Hapa Kashuga, kila muntu anayetafuta habari anapitia ku mulango yangu. Sikuzaliwa hapa, wala sikuolewa hapa. Nilioleka upande wa Walikale, ukishapita Kalembe, ku mulima moja yenye iko na msitu nyuma na maharagi mbele. Tulikimbia ile mulima na masasi nyuma yetu, tukakaa Kashuga mu nyumba ya bashi, ile turubai ya bakimbizi, kisha mu nyumba ya mbao, na miaka ikapita. Muntu mwenye amekimbia anakuwa na njaa ya habari. Nani amerudi? Barabara iko namna gani? Nyumba yangu ingali na mabati? Mimi nilikuwa nauliza kila mupita-njia, na vile sijuwi kunyamaza, nikakuwa mama ya habari. Bamama banapita na majembe asubuhi, banasimama: "Mama, leo kuko nini?" Na mimi nabaambia, na nikiona habari iko fupi naongeza chumvi kidogo.

Sasa mutoto anasema mashini itanipatia habari bila kuuliza muntu. Nilicheka mupaka nikakaa chini.

Alikaa siku tatu ku baraza, ordinatere ku magoti, waya ikipanda mupaka ku plake ya jua juu ya mabati. Alikuwa anaandika maneno yenye haiko Kifaransa, haiko Kiswahili, haiko Kihunde, imejaa mabano na nukta. Nikimuita kula, anasema "kidogo, Koko." Siku ya tatu akaniwekea tableti mu mikono, na ile kioo yenye ilikuwa imekufa ikafunguka, rangi ya kijani, na visanduku vine ndani.

Kisanduku ya kwanza ikasema: leo saa nane, mvua.

Nikaangalia juu. Mbingu ilikuwa safi sawa sahani. Jirani yangu, ule mwenye mihogo, alikuwa ameanika mihogo yake ku bashi, na mimi maharagi yangu ku kirago. Nikasema basi, kucheza ni kucheza, nikaanua maharagi. Jirani akaniona.

"Mama, unaanua juu ya nini? Jua imekuchoma akili?"

"Mvua iko nakuja saa nane."

"Nani alikuambia?"

"Hii kioo."

Alicheka na mikono ku kichwa. Akaita bengine bakuje kucheka naye. Saa nane, batu yangu, saa nane! Mvua ikashuka sawa muntu ameimwaga na beseni. Mihogo ikaelea. Jirani akakuja kusimama mbele yangu, maji inamutoka ku kitambaa, macho inatoka nje.

"Mama, weka ile kitu chini. Kuko muntu mule ndani."

"Haina muntu. Inaangalia mawingu kule mbali."

"Inajuwa na siku nitakufa?"

"Uliza mujukuu wangu kama kuko kisanduku ya ile."

Tangu ile siku hasemi tena, lakini anaangalia kirago yangu. Nikianika, anaanika. Nikianua, anakimbia. Siku moja kioo ilidanganya, ilisema jua na mvua ikanyesha, na alinitukana mupaka mangaribi sawa mimi njo nilimwaga.

Lakini kitu yenye ilinishangaza kupita mvua ni vile visanduku inatembea. Mujukuu alichukua kidole yangu, akasema: "Finya hapa, usiachilie, sasa vuta." Nikavuta kisanduku ya barabara mupaka juu, na zile zingine zikasogea sawa batu ku benchi ya kanisa kama mama munene amefika. Yesu wangu! Nilivuta ile siku yote. Nikaweka mvua chini, nikairudisha juu, nikaweka jurnali kati. Muzee wangu, njo bwana yangu, akaniuliza: "Uko nahamisha nini tangu asubuhi?" Nikamuambia: "Niko natengeneza nyumba." Akasema nyumba yenye haina moto na sufuria haiko nyumba. Yeye hakupenda ile kitu. Anajuwa kusoma kunipita, alimalizaka primeri yote, lakini kuigusa alikataa.

Sasa nifike ku maneno yenyewe. Muzee wangu iko na mukubwa wake, baba moja mama moja. Siku tulikimbia, mukubwa hakukimbia. Alisema miguu yake imekimbia ya kutosha, na kama ni kufa, afe karibu na mizinga yake ya nyuki. Akabakia ku mulima, na Mungu akamulinda. Lakini hii mwaka akagonjwa. Miguu ikavimba, pumuzi ikakuwa fupi. Tulienda kumuona, akatufukuza ku siku ya ine: "Mwende mulime. Mukikaa hapa munaniangalia hivi, nitakufa mbio." Kule ku mulima rezo ya simu haifikake. Kwa hiyo tukapatana: kama inazidi, muntu atashuka Kalembe, atapitisha komunike, tangazo ya kuita batu, ku radio, na siye tutakuja.

Muzee wangu akarudi Kashuga na kukuwa mufungwa wa radio. Komunike inapita saa sita na saa kumi na mbili, lakini yeye alikuwa anaanza kusikiliza tangu asubuhi, juu aliogopa saa yake iko nachelewa. Radio ku sikio, imefungwa na mupira. Mabuye ya radio, zile betri, ikichoka, anaianika ku jua pamoja na maharagi yangu. Kwenda shamba akaacha. Maharagi ku shamba ikamezwa na majani. Nikimuambia "Papa, twende tupalilie," anasema: "Na kama ananiita niko shambani? Yule njo alinifundisha kutembea, Mama. Siwezi kumuacha aite bila kujibu."

Njo nikamuambia mujukuu, mwenye alikuwa angali kwetu: "Wewe mwenye akili, hii paje yako haiwezi kusikiliza radio, muzee aende kulima?"

"Inaweza," akasema. "Radio inaandika komunike yote ku paje yake, na mimi naivuta inakuja mu kisanduku ya ine, yenye ingali wazi. Lakini inapita mingi sana, Koko. Kila mugini, kila matanga, kila kitambulisho yenye imepotea. Utachoka kusoma. Nitakuwekea lungo."

"Lungo gani?"

"Sawa hiyo yako ya maharagi. Unanipatia maneno. Komunike yenye iko na ile maneno inabakia. Ingine yote inaanguka."

Ile nilielewa mbio. Miaka yote niko napepeta, namna gani sitaelewa lungo!

"Sema sasa, mugini gani?"

"Kashuga. Kalembe. Na Ntoto, juu dada yangu iko kule anauza mafuta ya mawese, na yeye haniandikiake hata siku moja."

"Ee. Na kule kwa mukubwa wa Koko muzee?"

"Kwa Nyuki," nikasema.

Akaandika Kwa Nyuki. Na mimi nikaendelea na sombe yangu ku moto.

Ile mulima haiitwe Kwa Nyuki. Iko na jina, kila muntu wa Masisi na wa Walikale anaijuwa, na ile jina ni ya baba mukwe wangu. Yeye njo alifungua msitu kule wa kwanza, akajenga wa kwanza, na batu bakaita mulima na jina yake. Na kwetu, muke mwenye ameoleka hatajake jina ya baba mukwe. Hata akiwa amekufa. Hata kama ile jina iko ku mulima, ao ku mutoto wa jirani, unazunguka, unatafuta neno ingine. Mimi, siku ya kwanza mu ile jamaa, niliona mizinga imejaa ku miti, nikasema Kwa Nyuki, na nikabakia na ile. Wake ya mashemeji bakaishika. Mama ya huyu mujukuu naye ni muke wa mu jamaa yetu, naye anasema Kwa Nyuki. Mutoto alikulia mu kinywa ya bamama. Akisikia babu yake anataja jina yenyewe, alizani anataja muzee wa zamani. Na mimi sikufikiri hata kidogo. Muntu hafikiri juu ya mulango yenye anapitia kila siku.

Mujukuu akarudi Goma. Muzee nikamushawishi, nikamushawishi, mupaka akazima radio. Nilimuambia: "Kila siku mangaribi ukitoka shamba, uniulize." Akachukua jembe. Na kila mangaribi, mbele ya kunawa mikono:

"Iko neno?"

Nafungua kisanduku. Naona matanga ya Kashuga, ngombe yenye imepotea Kalembe, harusi ya Ntoto. Ya Kwa Nyuki, apana.

"Iko kimya, Papa."

"Mungu asifiwe. Basi anapumua."

Wiki ya kwanza vile. Ya pili vile. Shamba ikakuwa safi, muzee akaanza kuimba tena akinawa. Na mimi nilikuwa na furaha, nasikia aibu kusema vile nilikuwa na furaha. Nilikuwa nabeba tableti ku mukono sawa mutoto, naambia bamama: "Hii kioo imeponyesha bwana yangu."

Siku ya soko, wiki ya tatu, niko nachagua ndizi kwa mama moja wa Kalembe, mutu wa zamani, tulilimaka jirani. Akaniangalia, mukono yake ikabakia juu ya ndizi.

"Pole, Mama."

"Pole ya nini?"

"Ya mugonjwa wenu."

"Mugonjwa iko muzuri," nikasema. "Angezidi, tungesikia."

Akasimama. "Mungesikia? Radio imebaita ninyi mara mbili! Mimi mwenyewe nilisikia, niko namenya mihogo. Mudogo wake, popote iko, akuje, mukubwa anamuuliza. Batu ya kule banashangaa. Banasema huyu mudogo amekuwa mutu wa mujini, roho yake imekuwa jiwe."

Masikio yangu ikaziba sawa nimeingia mu maji. Ndizi niliziachia pale pale. Nikamuuliza: "Angali muzima?"

"Sijuwi, Mama. Ile ya pili ilikuwa wiki yenye imepita."

Nilikimbia. Mimi na haya magoti! Kufika nyumbani, nafungua kisanduku: matanga ya Kashuga, ngombe ya Kalembe. Nikaita mujukuu ku simu: imezimwa. Nikakaa naangalia ile kisanduku, na vile mutoto alinionyeshaka kufungua lungo, nikafungua, kuona kama imetoboka. Maneno ikatoka moja moja. Kashuga. Kalembe. Ntoto. Kwa Nyuki.

Njo nikaona. Batu yangu, niliona! Nikapiga kelele mupaka jirani wa mihogo akaruka lupango ya miti.

"Nani amekufa?"

"Mimi!" nikasema. "Mimi njo nimemuziba bwana yangu masikio!"

Nikamuelezea, nalia, nakohoa. Hii mashini inangoja Kwa Nyuki, na radio haijuwi Kwa Nyuki. Kwa Nyuki iko mu kinywa yetu tu, siye wake ya ile jamaa. Komunike imepita mbele ya mulango yangu mara mbili na lungo ikaitupa sawa majani.

"Basi andika jina yenyewe," jirani akasema.

"Siwezi."

"Haujuwi kuandika?"

"Najuwa. Ni jina ya baba mukwe."

"Hautaitaja. Utaiandika."

"Kuandika haiko kutaja?"

"Mimi nitajulia wapi? Sikukanyangaka masomo hata siku moja! Wewe njo mwenye masomo hapa!"

"Nilifika mwaka ya pili tu."

"Na mwaka ya pili hawakukufundisha ile?"

Nikamuambia andika wewe, mimi nitafunga macho. Akasema kidole yake haijuwi hata herufi moja, na mangaribi iko nakuja, na bwana yangu atatoka shamba ataniuliza neno yake ya kila siku, na nitamuambia nini, iko kimya? Ile ilinikata. Kisha, bila kunionya, akataja jina. Aliitaja kwa sauti ya kuita mbuzi ku mulima ya pili. Nikaangusha tableti ku magoti, nikafunika masikio na kitambaa. Kuku zikakimbia.

"Nimeitaja mimi," akasema. "Dhambi ni yangu, na mimi sina jamaa naye. Sasa andika yenye umesikia."

Herufi ya kwanza, kidole ikakataa. Nikamuomba baba mukwe ruhusa, mu roho. Nikagusa. Nikaangalia juu, mbingu haikuanguka. Nikagusa ya pili. Jirani amesimama nyuma yangu, anapumua ku shingo yangu, hajuwi kusoma lakini anasema "ee, ee, endelea" sawa mwalimu. Nilimaliza, nikafinya kusema ndiyo.

Kisanduku ikazunguka, ikazunguka. Kisha ikajaa.

Tatu. Haikuwa mbili, ilikuwa tatu. Ya kwanza: mudogo, popote iko, afike haraka, mukubwa anamuita. Ya pili: mudogo afike, mukubwa angali anangoja. Na ya tatu ilikuwa ya ile ile siku, saa sita: mukubwa anauliza kama mudogo wake alipata habari, ao amekataa kuja.

Anauliza. Muntu mwenye anauliza anapumua. Nilisoma ile neno mara ngapi, sijuwi. Jirani akaniuliza inasema nini, nikamuambia, akaketi chini na kulia kunipita.

Nikaenda shamba. Muzee wangu aliniona naja bila jembe, akajuwa. Akasimamisha yake mu udongo.

"Amekufa."

"Apana. Anakuita. Amekuita mara tatu."

"Namna gani mara tatu? Jana ulisema iko kimya."

Nikamuambia vile niliipatia mashini Kwa Nyuki. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliangalia mistari ya maharagi, safi, yenye alipalilia na ile furaha yake ya wiki tatu, akasema polepole: "Kumbe nilikuwa naimba." Akangoa jembe, akatangulia nyumbani.

Ile ile jioni tulipanda moto, ile pikipiki, tuko wawili nyuma ya dereva, mupaka Kalembe. Asubuhi na mapema tukashika miguu. Njiani yeye mbele, mimi nyuma, hakuna neno. Mimi, kukaa nusu siku bila kusema! Nilikuwa nahesabu nyimbo ya kanisa mu kichwa nisilie. Tulipofika ku mizinga ya kwanza, nikasikia nyuki na hakuna kilio, nikajuwa hakuna matanga.

Mukubwa alikuwa amelala ku kirago karibu na moto, mwembamba sawa fimbo, macho tu njo ilibakia kubwa. Akamuangalia mudogo wake mu mulango.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Kaka."

"Aa. Muheshimiwa. Radio imekuita mara tatu. Nilizani unangoja nikutumie gari."

Njo nikapiga magoti pale chini, kisogo ya bwana yangu mbele yangu, nikasema: "Shemeji, haiko yeye. Ni mimi." Nikasema yote. Kioo, visanduku, lungo, wiki tatu, Kwa Nyuki. Nilisema bila kuongeza chumvi, na ile ilikuwa mara ya kwanza mu maisha yangu.

Mukubwa akafunga macho. Kifua yake ikaanza kutikisika, nikasema mama yangu, nimemumaliza. Kumbe alikuwa anacheka! Alicheka mupaka akakohoa, akakohoa mupaka tukamuinua, na vile tulimuinua akaendelea kucheka.

"Mudogo wangu," akasema, "unaona bibi mwenye baba alikuchagulia? Alimusifu ju ya heshima. Heshima yake imekaribia kunizika bila wewe."

Na muzee wangu naye akaanza. Bawili, ku kirago moja, banacheka na machozi, sawa watoto benye bameiba asali. Mimi ningali ku magoti, sijuwi kama nicheke ao ningoje.

Kisha mukubwa akanigeukia. Kwa sasa yeye njo kichwa ya jamaa, neno yake ni neno.

"Umeiandika?"

"Nimeiandika, Shemeji. Na kidole. Unisamehe."

"Kinywa haikutaja?"

"Haikutaja."

Akafikiri. Alifikiri kabisa, macho ku mabati, sawa mutu anakata neno ya shamba. "Andika tu," akasema. "Baba hakujuwaka kusoma. Hataona kitu. Lakini kutaja, usitaje. Masikio yake ilikuwa kali."

Tulikaa naye siku tano. Bandugu bawili balisema kila kitu, mizinga gani ya nani, mupaka ya shamba inapita wapi, ni nani kati yao alivunjaka chungu ya mama yao. Ile chungu ilichukua siku nzima. Mimi nilipika maharagi, niliyaponda juu meno haikuwako tena. Siku ya sita asubuhi alilala na hakuamuka, mukono yake mu mukono ya mudogo wake. Tulimuzika karibu na nyuki. Komunike ya matanga, muzee wangu mwenyewe alishuka Kalembe kuipitisha.

Tuliporudi Kashuga, mujukuu akapanda kutoka Goma kutusalimia. Alilia sana. Anasema na yeye iko na kosa, alipashwa kuuliza. Nikamuambia uliza nani, na mimi sikujuwa kama kuko kitu ya kuuliza? Akaniuliza: "Koko, ile jina, niitoshe mu lungo, niifute?" Nilikuwa nataka kusema ndiyo. Muzee wangu akasema ku mulango: "Iache."

Njo vile tuko leo. Asubuhi bamama banasimama na majembe, na jirani wa mihogo mbele yao, anaangalia kirago yangu. Nabasomea mvua. Nabasomea barabara, wapi gari imekwama. Nabasomea harusi ya Ntoto, na dada yangu bado haandiki. Ikifika komunike ya ile mulima, mwenye amerudi, mwenye amezaa, natia kidole juu ya jina, nageuka ku mulango, naita: "Papa, iko neno."

Na muzee wangu, mwenye hakutaka kugusa ile kioo, anaacha chai yake. Anakuja, anavaa miwani, anaishika na mikono mibili. Anasoma ile moja tu, na sauti kubwa, jina ya baba yake kwanza. Kisha ananirudishia, anaenda shamba.